Nakshi Juu ya Chuma: Bastola za Kijeshi za Colt, Mafundi Wake na Wakusanyaji

Bastola ya kijeshi ya karne ya 19 ilitengenezwa ili ifanane na zote zilizotoka katika kiwanda kimoja nayo, kwa kuwa jeshi lililoagiza silaha kwa maelfu lilitaka kila askari apewe chombo kile kile, kilichopimwa kwa kipimo kile kile na kupigwa mhuri wa mkaguzi wa serikali. Hata hivyo, katika viwanda hivyo hivyo zilitengwa bastola chache ambazo, kabla ya kukamilishwa, zilipelekwa kwenye meza ya fundi wa nakshi, zikachongwa majani na vikonyo vya mizabibu, zikatiwa njumu za dhahabu, yaani nyuzi au vipande vya madini hayo vinavyopachikwa ndani ya chuma, zikavishwa vitako vya pembe za ndovu, na tangu hapo hazikufanana tena na bastola nyingine yoyote. Bastola za namna hiyo leo zimo katika majumba ya makumbusho na katika mikusanyo ya watu binafsi, nazo hununuliwa kwa bei ambayo askari aliyebeba bastola ya kawaida asingeweza kuiwazia.

Historia ya bastola hizo inafahamika vyema zaidi kwa kufuata kiwanda cha Colt cha Hartford, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, kwa sababu ndicho kilichokwenda mbali katika kutumia mashine na, wakati huo huo, ndicho kilichowatunza mafundi wa mkono kwa muda mrefu. Historia hiyo inaonyesha kwamba nakshi ilikuwa na kazi kubwa kuliko urembo: ilikitoa chombo cha umma katika halaiki na kukifanya cha mtu mmoja, kwa siku moja na kwa sababu moja inayoweza kutajwa. Kwa hiyo mkusanyaji anayelipia nakshi hulipia pia ushahidi ulioandikwa kwa patasi, na ushahidi huo ukichafuliwa, uzuri peke yake hautoshi kuiokoa bei.

Kiwanda na ufanano

Samuel Colt, aliyezaliwa Hartford mwaka 1814, alipata hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi asiigwe, nchini Uingereza mwaka 1835 na nchini kwake tarehe 25 Februari 1836. Silaha iliyolindwa na hati hizo ilikuwa na silinda, yaani kipande cha mviringo chenye matundu ya kutilia baruti na risasi, kinachozunguka kila nyundo inapovutwa nyuma ili tundu jipya likae sawasawa na mtutu, na ndiyo silaha ambayo baadaye iliitwa rivolva. Katika bastola hizo za mwanzo kila tundu lilijazwa baruti, kisha risasi ikashindiliwa juu yake, na nyuma ya tundu kukapachikwa fataki, yaani kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali inayowaka ikigongwa na nyundo.

Kiwanda cha kwanza kilifunguliwa Paterson, New Jersey, mwaka 1836, kikafungwa mwaka 1842 kwa kukosa wateja wa kutosha, lakini katika uhai wake mfupi bidhaa zake zilifika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1833 Marekani ilikuwa imetia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na mwaka 1840 mtawala huyo alituma merikebu yake, Sultana, hadi New York chini ya mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, ikiwa imepakia pamoja na bidhaa nyingine pembe za ndovu, karafuu na tende, na ikichukua zawadi kwa rais. Merikebu ilipofunga safari ya kurudi mwaka huo huo, miongoni mwa zawadi ambazo serikali ya Marekani ilimpelekea Seyyid Said mlikuwamo silaha za Colt zenye kufyatua mara nyingi bila kujazwa upya. Kwa watu wa pwani, ambako jambia lenye ala ya fedha na bunduki yenye pete za madini vilikuwa alama za cheo tangu zamani, maana ya silaha itolewayo kama heshima haikuhitaji mkalimani.

Colt alirudi katika biashara kwa sababu ya vita. Marekani ilipopigana na Mexico kati ya 1846 na 1848, Kapteni Samuel Walker wa Texas, aliyekuwa amezitumia bastola za Paterson, alimweleza Colt aina ya silaha ambayo askari wa farasi walihitaji, na mwaka 1847 serikali ikaagiza bastola 1,000 za muundo huo. Colt hakuwa na kiwanda wakati huo, kwa hiyo kazi ilifanyika Whitneyville, Connecticut, katika karakana ya Eli Whitney mdogo, na matokeo yake yalikuwa bastola kubwa yenye uzito wa takriban kilo 2, inayojulikana hadi leo kwa jina la Walker. Kapteni mwenyewe alitumiwa jozi yake na Colt, lakini aliuawa Huamantla mwezi Oktoba mwaka huo huo, akiwa hajazitumia kwa muda mrefu.

Faida ya agizo hilo ndiyo iliyozaa kiwanda cha Hartford, ambacho jengo lake kubwa lilianza kazi mwaka 1855 kando ya Mto Connecticut, na ambacho kilisimamiwa na fundi mitambo hodari, Elisha Root, aliyeijaza karakana mashine za kufua, kutoboa na kukereza, kila moja ikifanya hatua moja tu ya kazi. Sehemu zilipimwa kwa vipimo vya chuma vilivyokubaliwa, ili kipande cha bastola moja kikaribie kabisa kufanana na kipande cha nyingine, na ingawa vibarua wa mkono bado walihitajika kutia tupa na kuunganisha, dhamira ya kiwanda ilikuwa wazi: fundi asiache alama ya mkono wake juu ya kazi.

Hata urembo wa kwanza wa bastola za Colt ulikuwa urembo wa mashine. Waterman Ormsby, mchongaji wa New York aliyezoea kuchonga mabamba ya kuchapia noti za benki, alimtengenezea Colt michoro ya kuviringisha, yaani michoro iliyochongwa kwanza juu ya rola ngumu ya chuma, kisha rola ikagandamizwa kwa nguvu juu ya silinda ya bastola hadi mchoro ukahamia. Bastola ya Walker na zile za Dragoon zilizoifuata zilibeba picha ya askari wa Texas wakipigana na Wahindi Wekundu, bastola ndogo ya mwaka 1849 ilibeba picha ya majambazi wakiteka gari la farasi, na bastola ya Navy ya mwaka 1851 ilibeba picha ya mapigano ya baharini ya tarehe 16 Mei 1843 kati ya Texas na Mexico, picha ambayo ilihamishiwa pia kwenye bastola ya Army ya mwaka 1860. Mchoro huo ulimsaidia mnunuzi kutambua bidhaa halisi, kama vile mchoro wa noti unavyomsaidia mpokeaji wa fedha, lakini ulirudiwa juu ya malaki ya silinda bila tofauti yoyote, na kwa hiyo haukumtaja mtu.

Meza ya fundi

Bastola iliyotakiwa kumtaja mtu ilipelekwa kwa fundi wa nakshi, na kwa sehemu kubwa ya karne hiyo fundi huyo alikuwa Mjerumani. Katika nchi za Wajerumani, hasa katika miji ya wafua silaha kama Suhl, kijana alifundishwa nakshi kwa miaka mingi chini ya bwana wake, na wengi wa mafundi hao walihamia Marekani katikati ya karne ya 19, wakati misukosuko ya kisiasa ya 1848 na ugumu wa maisha vilipowasukuma watu kuvuka bahari. Miongoni mwao alikuwamo Gustave Young, mzaliwa wa Prussia mwaka 1827, aliyefanya kazi za Colt tangu 1852 hadi 1869, kisha akahamia Springfield, Massachusetts, kufanya kazi na kampuni ya Smith & Wesson, ambako wanawe Oscar na Eugene walirithi ufundi wake. Chini ya mafundi kama yeye walijifunza wengine, wakiwemo ndugu wa ukoo wa Ulrich, ambao baadaye walipata sifa kwa kunakshi bunduki za Winchester.

Utaratibu wa kazi ulitawaliwa na tabia ya chuma. Bastola iliyokusudiwa kunakshiwa ilitolewa kwenye mstari wa uzalishaji ikiwa bado nyeupe, yaani kabla ya kutiwa rangi na kabla ya kukazwa ugumu, kwa kuwa chuma kilichokwisha kukazwa kingevunja ncha ya patasi. Fundi alichora mistari mikuu kwa penseli au kwa ncha ya sindano, kisha akaichonga kwa njia mbili: kwa kugonga patasi nyembamba kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi yanayofuatana haraka hadi ncha ikatembea kama kalamu, au kwa kusukuma kwa kiganja kichongeo chenye mpini wa mviringo, njia ambayo ilifaa mistari laini na vivuli vya ndani ya majani. Mandhari ya nyuma ya majani yalijazwa vitone vidogo vilivyopigwa kwa msumari maalumu, ili majani yaonekane yameinuka, ingawa kwa kweli yalikuwa sawa na uso wa chuma.

Njumu za dhahabu zilidai subira zaidi. Fundi alichimba mfereji mwembamba ambao sehemu yake ya chini ilikuwa pana kuliko mdomo wake, akalaza ndani yake uzi wa dhahabu laini, akaugonga hadi ukajaza nafasi ya chini na kushikwa na kingo za mfereji, kisha akausawazisha au, kama ilikuwa sura ya mtu au mnyama, akauacha umeinuka na kuuchonga upya. Sonara wa Zanzibar au Lamu angeitambua kazi hiyo mara moja, kwa kuwa hakuna gundi wala moto unaoishikilia dhahabu, bali umbo la tundu lenyewe.

Nakshi ilipokamilika, bastola ilirudi kiwandani. Fremu, yaani kiunzi kinachobeba silinda na nyundo, ilizikwa ndani ya makaa ya mifupa na ngozi, ikapashwa moto, kisha ikatoswa majini, na hapo uso wake ukawa mgumu na kupata mawimbi ya rangi ya buluu, kijivu na hudhurungi, ilhali mtutu ulipashwa moto kwa uangalifu hadi ukapata buluu iliyokoza. Mpangilio huu wa hatua una uzito mkubwa kwa wakusanyaji wa leo, kwa sababu katika kazi halisi ya kiwandani rangi imo pia ndani ya mistari ya nakshi, na mahali ambapo mstari unang'aa mweupe katikati ya buluu ya zamani pana swali linalohitaji jibu.

Zawadi na biashara

Colt alielewa mapema kwamba bastola moja iliyonakshiwa vizuri, ikiwa mkononi mwa mtu mwenye kauli, iliweza kuuza maelfu ya bastola zisizo na nakshi. Mwaka 1851 aliweka bidhaa zake katika Maonyesho Makubwa ya London, na mwaka 1853 akafungua kiwanda mjini humo, ambacho kilidumu miaka michache tu lakini kikatoa makumi ya maelfu ya bastola za Navy. Katika miaka hiyo hiyo, Ulaya ilipokuwa ikielekea kwenye Vita vya Crimea vya 1853 hadi 1856, alitengeneza zawadi za wafalme.

Zilizo maarufu zaidi kati ya hizo ni jozi ya bastola za Dragoon za mwaka 1853 hivi, zilizotiwa njumu za dhahabu kwa wingi. Moja ya jozi hiyo ilikwenda kwa Sultani Abdülmecid wa dola ya Waosmani, na ya pili, ambayo dhahabu yake inaonyesha sura ya George Washington na nembo ya Marekani, imo katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan mjini New York. Nicholas wa Kwanza, mfalme mkuu wa Urusi aliyekuwa adui wa sultani huyo, naye alipewa na Colt mwaka 1854 bastola zenye njumu za dhahabu, na bastola hizo zimehifadhiwa katika Jumba la Hermitage huko Saint Petersburg. Kwamba mtengenezaji mmoja aliwaenzi watawala wawili waliokuwa vitani wao kwa wao ni jambo linaloeleza asili ya zawadi hizo vizuri kuliko maandishi yaliyochongwa juu yake, kwa kuwa zilikuwa barua za biashara zilizoandikwa kwa dhahabu.

Bastola za zawadi zilitofautiana pia katika herufi. Bastola ya kawaida ilibeba juu ya mtutu anwani ya kiwanda iliyopigwa kwa mhuri wa mashine, lakini katika baadhi ya kazi bora za wakati wa Young anwani hiyo iliachwa, na badala yake jina la Colt likachongwa kwa mkono kwa herufi za mtindo wa kale wa Kijerumani. Kwa hiyo hata jina la mwenye kiwanda, ambalo mashine ililirudia mara elfu kwa siku, lilipofika kwenye meza ya nakshi liligeuka saini.

Vita, sifa na pembe za ndovu

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyodumu kutoka 1861 hadi 1865, viliongeza mahitaji ya silaha za aina zote mbili. Kwa upande mmoja bastola ya Army ya 1860, ambayo jumla yake ilifikia takriban 200,000, ilitoka kiwandani kwa kasi ambayo hata moto mkubwa ulioteketeza sehemu ya kiwanda mwezi Februari 1864, miaka miwili baada ya kifo cha Colt, haukuweza kuifuta. Kwa upande mwingine ilienea desturi ya askari wa kikosi, wakazi wa mji au wafanyabiashara kuchanga fedha na kumpa ofisa bastola iliyonakshiwa, ikiwa ndani ya kasha la mbao lenye vifaa vyake, na maneno ya heshima yakiwa yamechongwa kwenye ukanda wa nyuma wa kitako.

Biashara hiyo ilikuwa na kitovu chake New York, katika duka kubwa la silaha la Schuyler, Hartley & Graham, lililochukua bastola za viwanda mbalimbali na kuzipeleka kwa mafundi wa jiji. Kati ya mafundi hao, aliyejulikana zaidi alikuwa Louis Daniel Nimschke, mhamiaji mwingine kutoka nchi za Wajerumani, aliyeishi kati ya 1832 na 1904 na kunakshi silaha za karibu kila kampuni ya Marekani. Duka hilo liliuza pia bastola zenye vitako vya madini vilivyomiminwa na kupambwa kwa tai na sura za vita, ambavyo wakusanyaji huvihusisha na jina la Tiffany, duka la vito la New York.

Mfano unaokusanya mambo haya yote ni jozi ya bastola za Remington za muundo wa New Model Army aliyopewa Jenerali Ulysses Grant baada ya kuuteka mji wa Vicksburg mwaka 1863. Remington alikuwa mshindani wa Colt, na bastola yake hiyo ilikuwa silaha ya kawaida ya askari wa farasi, lakini jozi ya Grant ilifunikwa kwa nakshi inayohesabiwa kuwa kazi ya Nimschke, na vitako vyake vya pembe vilichongwa sura ya jenerali mwenyewe. Mwezi Mei 2022 jozi hiyo iliuzwa mnadani nchini Marekani kwa zaidi ya dola milioni 5.

Pembe za vitako kama hivyo zinairudisha habari hii Afrika Mashariki. Chini ya mto ule ule uliopita mbele ya kiwanda cha Colt, katika vijiji vya Deep River na Ivoryton, vilikua viwanda vya kukata pembe za ndovu ambavyo katika nusu ya pili ya karne ya 19 vilitawala biashara hiyo nchini Marekani, na sehemu kubwa ya malighafi yao ilitoka Zanzibar. Wafanyabiashara wa New England walinunua pembe hizo kutoka kwa matajiri wa mjini Zanzibar, na matajiri hao, kama vile Taria Topan, ndio waliowakopesha mtaji viongozi wa misafara, akiwemo Tippu Tip, waliokwenda bara kupitia Tabora na Ujiji. Wapagazi, wengine wakiwa watu huru na wengine watumwa, walizishusha pembe hizo kwa mabega hadi Bagamoyo na bandari nyingine za mrima. Sehemu kubwa ya pembe hizo iliishia kuwa vifuniko vya vibao vya piano, vitana na mipira ya biliadi, kwa kuwa pembe laini ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa kukatika bila kupasuka, na vitako vya bastola vilikuwa sehemu ndogo ya matumizi hayo. Hata hivyo, ofisa aliyeshika kitako cheupe huko Virginia au Texas alishika mwisho wa njia ndefu ambayo mwanzo wake ulikuwa mbuga za bara, na njia hiyo haikuchongwa popote juu ya bastola yake.

Baada ya Young kuondoka, usimamizi wa nakshi ya Colt ulishikwa na Cuno Helfricht tangu 1871 hadi 1921, muda wa miaka 50, naye ndiye aliyeipamba bastola iliyokuja kuwa alama ya Magharibi ya Marekani, yaani Single Action Army iliyokubaliwa na jeshi mwaka 1873. Bastola hiyo ilitumia risasi yenye ganda la shaba lililobeba baruti, fataki na risasi kwa pamoja, na ile iliyopewa askari ilikuwa na kitako cha mbao ya mjozi, herufi za US kwenye fremu na mihuri midogo ya wakaguzi. Aliyetaka nakshi alilazimika kuagiza kwa fedha zake. Ndivyo alivyofanya luteni kijana, George Patton, mwaka 1916 aliponunua Single Action Army iliyonakshiwa, ikapakwa fedha na kuvikwa kitako cha pembe chenye herufi za jina lake. Mwezi Mei mwaka huo alikuwa nayo huko Mexico katika mapigano ambamo wafuasi wa mwanamapinduzi Pancho Villa waliuawa, naye akachonga alama mbili kwenye kitako. Aliendelea kuivaa akiwa jenerali katika Vita Kuu ya Pili, na wengi walioiona picha yake walidhani kitako ni cha lulu, kosa lililomuudhi sana. Zile alama mbili zilizokatwa kwa kisu hazina ufundi wowote, lakini zimekaa kando ya kazi ya karakana ya Helfricht zikiwa na haki sawa ya kusomwa.

Mkusanyaji na ushahidi

Karne ya 20 iliigeuza bastola ya zamani kutoka silaha kuwa kitu cha kuhifadhiwa. Elizabeth Colt, mjane wa mwenye kiwanda, alipofariki mwaka 1905 aliacha mkusanyo wa silaha wa marehemu mumewe kwa jumba la Wadsworth Atheneum la Hartford, na watu binafsi nao walianza kutafuta bastola zilizokuwa zimelala katika masanduku ya familia. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1968 iliweka mpaka ulio dhahiri kwa kuitambua kuwa ya kale silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, na kuitoa katika masharti mengi yanayoihusu silaha ya kisasa, jambo ambalo liliipa nguvu biashara ya bastola za zamani.

Palipo na bei kubwa hujitokeza pia mkono wa kughushi. Njia nyepesi kuliko zote ni kuchukua bastola ya kijeshi ya kweli, yenye umri wa kweli lakini isiyo na sifa ya pekee, na kuinakshi leo kwa mtindo wa Young au Nimschke. Fundi wa sasa anaweza kuchonga majani yasiyopungukiwa na chochote, lakini ili apate uso safi hana budi kwanza kusugua chuma, na kusugua huko hufifiza kingo, hupunguza kina cha nambari ya usajili, na hufuta mihuri ya wakaguzi ambayo ndiyo iliyothibitisha utumishi wa bastola jeshini. Mtaalamu huangalia pia mahali nakshi na mhuri wa kiwanda vinapokutana, kwa sababu mpangilio wa vitu hivyo viwili juu ya chuma huonyesha kipi kilitangulia, na jani linalokata herufi ambayo kiwanda kingeiepuka hutangaza umri wake lenyewe.

Haimaanishi kwamba nakshi mpya ni udanganyifu kwa asili yake. Kuna wateja wanaoagiza waziwazi bastola ya zamani irembwe upya kwa ajili yao, na karakana maalumu ya Colt yenyewe imekuwa ikipokea kazi za aina hiyo, ikizipanga kwa madaraja manne kuanzia A, ambapo nakshi hufunika takriban robo ya uso, hadi D, ambapo uso mzima hufunikwa. Kazi hiyo ikitiwa saini na tarehe ya aliyeifanya, inabaki kuwa kazi halali ya wakati wake. Tatizo huanza saini inapofichwa, na ndiyo maana wakusanyaji hutafuta barua za kumbukumbu kutoka kwa kampuni, ambazo hueleza bastola ilitoka kiwandani lini, ilipelekwa kwa nani, na kama ilikuwa na nakshi siku hiyo.

Viwanda vilijaribu pia kumtengenezea mkusanyaji kumbukumbu ambayo haijapitia historia. Kati ya 1967 na 1969 Colt ilitoa mfululizo wa bastola za 1911, yaani muundo wa John Browning ambao jeshi la Marekani liliukubali mwaka 1911, zikiwa na nakshi za kuadhimisha mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza kama vile Belleau Wood na Meuse-Argonne. Bastola hizo zilitoka kwa maelfu, zikawekwa katika makasha na nyingi hazikufyatuliwa hata mara moja, lakini bei zake hazikupanda kama wanunuzi walivyotumaini, kwa kuwa zilirudia kosa ambalo nakshi ilikuwa imelitibu: zote zilisema jambo lile lile.

Pembe za ndovu nazo zimekuwa suala la ushahidi. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku na mataifa wanachama wa mkataba wa CITES kuanzia 1990, baada ya ndovu wa Afrika kupungua vibaya, na mwaka 2016 Marekani ikaibana biashara ya ndani, ikiacha nafasi finyu kwa vitu vyenye umri usiopungua miaka 100. Mwenye bastola yenye kitako cheupe, ambaye zamani alitakiwa kuthibitisha nakshi tu, sasa hutakiwa kuthibitisha pia umri wa pembe, na kwa njia hiyo ndovu aliyefutwa katika hadithi ya bastola amerudi kudai nafasi yake kwenye karatasi.

Nguvu ya ushahidi ilionekana wazi mwezi Agosti 2021, wakati bastola ya Single Action Army ambayo mkuu wa polisi Pat Garrett alimpigia risasi jambazi Billy the Kid mwaka 1881 ilipouzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 6. Bastola hiyo haina nakshi, haina dhahabu wala pembe. Ina nambari ya usajili na nyaraka zinazoifuata mkono kwa mkono. Ikiwekwa kando ya jozi ya Grant, iliyouzwa mwaka uliofuata kwa bei inayokaribiana nayo, inaonekana kwamba soko halikulipia chuma kilichochongwa katika hali ya pili wala chuma kitupu katika hali ya kwanza, bali lililipia uhakika wa jina.

Huenda aliyeuelewa uhakika huo mapema kuliko wote alikuwa Nimschke. Katika maisha yake ya kazi alikuwa na tabia ya kupaka wino juu ya nakshi aliyokwisha kuchonga, akaibandika karatasi, na kuihifadhi nakala katika kitabu, ili apate ruwaza ya kumwonyesha mteja ajaye. Kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1965, na tangu hapo bastola inayodaiwa kuwa yake huweza kulazwa kando ya ukurasa, jani kwa jani na kitone kwa kitone, ikasadikiwa au ikakataliwa na karatasi ambazo fundi alizitunza kwa ajili ya kutafutia riziki tu.